Tabibu wa Merikebu na Hesabu ya Nishati

Ifikapo tarehe 20 Machi 2028 itatimia miaka 150 tangu alipofariki, katika mji wa Heilbronn nchini Ujerumani, tabibu aliyeitwa Julius Robert Mayer, ambaye katika miaka yangu yote ya skuli sikulisikia jina lake likitajwa hata mara moja, ilhali fikira aliyowatangulia wengine kuitangaza tuliikariri mpaka ikatukaa kichwani: kwamba nishati haiumbwi wala haiangamii, bali hugeuka tu kutoka sura moja kwenda nyingine. Kipimo cha nishati, yaani juli, kimepewa jina la Mwingereza James Prescott Joule, naye kwa insafu alistahiki. Lakini mwenziwe alistahiki walau kutajwa, na kisa cha namna alivyonyimwa haki hiyo ni kisa cha kuhuzunisha.

Mayer alizaliwa tarehe 25 Novemba 1814, mwana wa muuza dawa, na tangu udogoni alijaribu kuunda gurudumu la maji ambalo lingeyapandisha lenyewe maji yanayoliendesha, lipate kuzunguka daima dawamu bila ya kutiwa nguvu na yeyote. Gurudumu likakataa, na mtoto akajua mapema kwamba kazi haipatikani bure. Alisomea utabibu Tübingen, akafukuzwa chuoni mwaka 1837 kwa kujiunga na chama cha wanafunzi kilichopigwa marufuku, akarejea akahitimu, na mwezi wa Februari 1840 akaabiri kutoka Rotterdam, akiwa tabibu wa merikebu ya Kiholanzi ya milingoti mitatu, iliyoitwa Java, iliyokuwa ikielekea kisiwa cha jina hilo hilo.

Walipowasili huko, baadhi ya mabaharia walishikwa na maradhi, naye akawatoa damu, si kwa chuku kama ilivyokuwa ada ya pwani yetu, bali kwa kuutoboa mshipa wa mkono, kama walivyofanya matabibu wa Ulaya siku hizo. Damu irudiyo moyoni huwa imepungukiwa na oksijeni, kwa hiyo hukoza weusi. Lakini ile iliyotoka mikononi mwa mabaharia ilikuwa nyekundu ya kung'ara, hata Mayer akaingiwa na khofu kwamba kisu kimepotea njia kikaukata mshipa utokao moyoni. Madaktari waliokuwa wakikaa Java walimtuliza, kwani kwao jambo hilo halikuwa geni: katika nchi za joto damu ndivyo ilivyo. Wao walikuwa wakiliona kila siku, wakalizoea, na mazoea yakaliondolea ajabu yake; yeye mgeni likamnyima usingizi, na inasimuliwa kwamba hata aliposhuka pwani hakutamani kuzitazama nchi zile za mbali alizozifuata kwa miezi, akapenda kubaki chomboni na fikira zake.

Alijua, kwa mafundisho ya mwanakemia Lavoisier, kwamba chakula huungua mwilini polepole kama kuni jikoni, na kwamba moto huo ndio unaotupa uvuguvugu. Basi mahali ambapo hewa yenyewe ina harara, mwili hauhitaji kuchoma kingi, oksijeni hutumika kidogo, na damu hurudi ikiwa bado nyekundu. Hapa mtu wa kawaida angetua. Mayer akaendelea kujiuliza: mtu yule yule, mbali na joto la mwili wake, anaweza kuvuta kamba, kupiga makasia, na kuisugua mikono yake mpaka ipate moto, je, joto hilo la nje nalo limetoka wapi, ikiwa chakula ni kile kile? Ikiwa hesabu ya chakula itasimama sawasawa, basi kazi ya mikono na joto la mwili lazima vitoke katika mfuko mmoja, na kiasi fulani cha kazi kiwe badala ya kiasi fulani cha joto, bila ya kuzidi wala kupungua. Husemwa pia kwamba baharia mmoja alimwambia kuwa mawimbi yaliyochafuliwa na tufani huwa na joto kuliko bahari shwari, na neno hilo likamkaa moyoni.

Aliporudi kwao mwaka 1841 aliandika risala akaipeleka kwa Poggendorff, mhariri wa jarida kubwa la fizikia. Risala hiyo, ni lazima tukiri, ilikuwa na makosa ya wazi, kwa kuwa mwandishi hakuwa amesoma fizikia kwa utaratibu. Lakini Poggendorff hakuichapisha, hakuirudisha, wala hakumjibu, ijapokuwa Mayer alimwandikia tena na tena. Akaenda kwa mwanafizikia Jolly, ambaye alimwambia kwamba, ikiwa asemayo ni kweli, maji yangepata joto kwa kutikiswa tu; Mayer akaondoka kimya, na baada ya majuma kadhaa akaingia chumbani kwa bwana yule akisema, bila ya salamu, kwamba ndivyo ilivyo. Alikuwa ameyatikisa maji, yakapanda kutoka digrii 12 hadi 13.

Mwaka 1842 makala yake fupi ikatokea katika jarida la mwanakemia Liebig, na ndani yake mna hesabu iliyotangulia kuchapishwa ya namna hiyo: kwamba uzito ukianguka kutoka kimo cha mita 365 hivi, nguvu ya kuanguka kwake inatosha kuyaongezea joto, kwa digrii moja, maji yenye uzito ule ule. Leo twajua kwamba kimo chenyewe ni mita 427 hivi. Upungufu ulitokana na vipimo vya hewa vilivyokuwa vikitumika zama zile, wala si na njia aliyoifuata.

Ila mimi nakipenda zaidi kitabu chake cha mwaka 1845, alichokichapisha kwa fedha zake mwenyewe, kwa maana humo anazipanga sura za nguvu, yaani kuanguka kwa uzito, mwendo, joto, umeme pamoja na sumaku, na tofauti za kikemia, kisha anaeleza jinsi majani yanavyoukamata mwangaza wa jua ukiwa mbioni na kuuweka akiba, hata mnyama alaye majani akawa anatembea kwa jua lililohifadhiwa. Akina mama wanaopuliza jiko la makaa jioni wanaufungua mlango wa ghala hiyo. Nahodha aliyeutegemea upepo wa kaskazi kumleta kutoka Maskati hadi Unguja alichukuliwa na jua lile lile, kwani ndilo lipashalo nchi na bahari joto lisilolingana, hewa ikajongea. Na maji ya Rufiji yaliyozuiwa katika bwawa la Julius Nyerere, ambalo mitambo yake imeundwa kutoa megawati 2,115, ni jua lililoyainua maji ya bahari yakawa mvua, mvua ikawa mto, na mto ukangojeshwa nyuma ya ukuta mpaka auhitaji umeme wake mwenye kuwasha taa mjini. Haya yote ni tafsiri ya kurasa zile zilizonunuliwa na wachache.

Joule, mwana wa mwenye kiwanda cha pombe karibu na Manchester, aliifikia kweli hiyo kwa njia nyingine, kwa kuangusha vizito vikazungusha makafi ndani ya maji na kupima joto kwa subira ya ajabu; mwanafizikia Helmholtz akaipa sura ya hisabati mwaka 1847. Mayer alipodai utangulizi wake, mhadhiri mmoja alimfanyia dhihaka katika gazeti la Augsburg mwezi wa Mei 1849, na gazeti likakataa kuchapisha jibu lake. Baadhi ya watoto wake walikuwa wamekufa karibu-karibu, na ndugu yake amejiingiza katika maasi ya miaka ile. Alfajiri moja ya Mei 1850, akili ikiwa imechoka, alijitupa dirishani. Akanusurika, lakini miguu iliumia. Baadaye alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafungwa katika kiti cha kuzuilia, na alipotoka mwaka 1853 ulimwengu wa elimu ulikuwa umemsahau kabisa, hata Liebig akamtaja katika mhadhara kuwa ni marehemu, na Poggendorff akaandika uvumi huo huo katika kamusi yake ya wasifu, ilhali mtu yu hai Heilbronn, akiwatibu wagonjwa wake.

Aliyemrudishia jina ni mwanafizikia John Tyndall, ambaye maelezo yake ndiyo ninayoyafuata zaidi hapa. Aliomba maandiko ya Mayer kwa mwanafizikia Clausius. Clausius akamjibu kwanza kwamba hatapata kitu cha maana ndani yake, kisha akayasoma kabla ya kuyatuma, akaifuta kauli yake. Mwezi wa Juni 1862, mbele ya hadhara ya London, Tyndall alitaja ajabu moja baada ya nyingine, ndipo mwishoni akasema kwamba zote hizo ni kazi ya tabibu wa Heilbronn. Wanafizikia Thomson na Tait walighadhibika, wakaandika kumtetea Joule, na ugomvi ukaendelea magazetini kwa ukali usiowafaa watu wa elimu; Tait hasa hakutaka kukubali kwamba fikira bila ya vipimo vingi ni ugunduzi. Nionavyo mimi, aliyepima na aliyewaza walikuwa na haki sawa, na mataifa yao ndiyo yaliyogombana. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, ilimpa Joule nishani ya Copley mwaka 1870, na Mayer mwaka 1871.

Tangu hapo kanuni imeingia katika kila mtambo, na mji wake umemsimamishia sanamu tangu mwaka 1892. Poggendorff alifariki mwezi wa Januari 1877, Mayer akamfuata mwaka uliofuatia. Na ile risala ya 1841, isiyojibiwa wala kurudishwa, ilikutwa ingalimo katika karatasi za mhariri, ikachapishwa mwandishi wake akiwa amekwisha zikwa.