Korea Iliyobaki Kwenye Chenga za Runinga

Usiku wa 30 Juni 1983, shirika la utangazaji la Korea Kusini, KBS, lilirusha kipindi cha kuwatafuta ndugu waliopotezana katika Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Kilipangwa kuwa cha usiku mmoja. Kikaendelea kwa siku 138. Umati ulijaa nje ya jengo la kituo huko Yeouido, Seoul, na kuta zikafunikwa karatasi zenye majina, vijiji na makovu ya utotoni. Kwenye kioo, wazee waliulizana habari za nyumba zilizokwisha kubomoka, mpaka mmoja wao akapiga ukelele kwamba huyu ndiye. Familia 10,189 zilikutana tena.

Historia ya sanaa ya video ya Wakorea wa ughaibuni kwa kawaida huanzia Ujerumani na New York. Mimi ningeianzia pale Yeouido, ingawa kazi za mwanzo zilitangulia kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kipindi kile kilionyesha waziwazi jambo ambalo wasanii walikuwa wakilihangaikia kwa faragha: mpaka ukifungwa, barua zisipofika na kijiji kikawa hakipo tena, mtu hubaki akiitafuta asili yake kwenye mashine.

Nam June Paik, anayeitwa baba wa sanaa ya video duniani, alizaliwa Seoul mwaka 1932 na kuondoka na familia yake vita vilipozuka mwaka 1950. Alisoma Tokyo, akaenda Ujerumani, na mwaka 1963 huko Wuppertal akaonyesha runinga alizozichokoa ndani hadi picha zikapinda. Mwaka uliofuata alihamia New York. Tarehe 1 Januari 1984 aliziunganisha New York na Paris kwa satelaiti katika matangazo ya moja kwa moja, na mwaka huohuo akakanyaga tena ardhi ya Korea, baada ya miaka 34. Si msanii wa kulialia. Hata mwaka 1990, alipofanya tambiko la kiganga mjini Seoul kumlilia rafiki yake Joseph Beuys, msanii wa Kijerumani, mizaha ilikuwemo tele.

Aliyeingia ndani zaidi katika kuitafuta asili ni Theresa Hak Kyung Cha, na alikuwa na muda mfupi. Alizaliwa Busan mwaka 1951, vita vikiwa vimepamba moto na mji umejaa wakimbizi. Wazazi wake walikuwa wamekulia Manchuria, Wakorea waliohamishwa na ukoloni wa Japani, enzi ambayo Kikorea kilifukuzwa shuleni. Kwa hiyo familia ilipohamia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutangatanga hakukuwa kugeni kwao. Mtoto aliurithi uhamisho wa mama yake kabla ya kuanza wake.

Video yake ya mwaka 1975, *Mouth to Mouth*, ni fupi na haina rangi. Mdomo unafunguka na kufungika, ukiunda irabu za Kikorea moja baada ya nyingine. Irabu hizo huzisikii. Unachosikia ni maji, ndege, na mvumo wa runinga iliyokosa mawimbi, huku chenga zikifunika mdomo hadi unakaribia kutoweka. Wengi hudhani kumbukumbu ya nyumbani ni picha safi inayofifia polepole. Kwa Cha, chenga zilikuwepo tangu mwanzo, kwani hata mama aliyemsimulia alikuwa akisimulia kutoka mbali.

Alirudi Korea mara ya kwanza mwaka 1979. Mwaka uliofuata alikwenda tena na kaka yake kupiga filamu aliyoiita *White Dust from Mongolia*, kuhusu mwanamke wa Kikorea aliyepoteza kumbukumbu na usemi. Rais Park Chung-hee alikuwa ameuawa Oktoba 1979, nchi iko chini ya wanajeshi, na watu wawili wenye kamera walitiliwa shaka. Kazi ikakwama, zimebaki picha ghafi tu. Kitabu chake *Dictée* kilitoka mwaka 1982, na Novemba mwaka huo akauawa New York akiwa na miaka 31. Kipindi cha KBS kilianza miezi minane baadaye.

Kuna kundi lingine ambalo halikuwa hata na masimulizi ya mama. Watoto waliopelekwa ng'ambo kuasiliwa tangu vita vile wanakadiriwa kufika 200,000. Deann Borshay Liem alipelekwa California mwaka 1966 kwa jina la mtoto mwingine, akakua akiambiwa ni yatima. Katika filamu yake *First Person Plural* ya mwaka 2000 anazirejea filamu zilizopigwa na baba yake mlezi, mtoto akicheka mbele ya kamera, huku tukijua kwamba mama yake mzazi alikuwa hai Korea.

Jane Jin Kaisen wa kundi hilohilo, mzaliwa wa kisiwa cha Jeju aliyelelewa Denmark, alichukua njia ya hadithi ya kale. Kazi yake *Community of Parting*, iliyoonyeshwa katika banda la Korea kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2019, inamfuata Bari, binti wa saba wa mfalme, aliyetupwa kwa kuwa mwanamke. Wazazi wanapougua, ni yeye anayekwenda kuzimu kuwaletea maji ya uzima. Akipewa sehemu ya ufalme, anakataa, anachagua kuwasindikiza wafu. Ni jibu kali kwa serikali inayowakaribisha nyumbani kwa shangwe watoto iliyowatoa.

Paik naye aliiachia Korea mnara wa runinga 1,003 katika jumba la makumbusho la Gwacheon, mwaka 1988. Idadi inataja 3 Oktoba, siku ya kuasisiwa kwa taifa. Mwaka 2018 mnara huo ulizimwa kwa uchakavu, na mabishano yakazuka: kuweka vioo vipya au kutafuta vile vya kizamani ambavyo havitengenezwi tena? Paik, aliyefariki mwaka 2006, hakuwa na ugumu wowote na mitambo mipya. Waliong'ang'ania ya zamani ni watunzaji. Runinga 737 zikakarabatiwa au kubadilishwa na za mitumba, 266 ndogo za juu zikawekewa vioo bapa, na tangu mwaka 2022 mnara unawashwa kwa saa chache tu, ili usife upesi.