Mcheza kwao asiyetunzwa: De Rosario na Wakanada waliozibeba klabu za Marekani

Ijumaa ya tarehe 12 Juni 2026 Kanada itacheza Toronto mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia la wanaume kwenye ardhi yake yenyewe. Uwanja wa BMO Field umeongezwa viti vya muda ili upokee watu wapatao 45,000, na kila anayeizungumzia timu hiyo huanza na majina yanayotamba Ulaya: Alphonso Davies wa Bayern Munich, Jonathan David wa Juventus. Sifa hizo wamezitolea jasho. Lakini kwenye uwanja huohuo, msimu wa 2010, nahodha wa Toronto FC, mtoto wa Scarborough upande wa mashariki wa jiji, alifunga bao kisha akajifanya anaandika hundi hewani mbele ya umati. Dwayne De Rosario alikuwa anadai alipwe anachostahili.

Hundi ile ilimtoa nyumbani. Mwaka uliofuata alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima, akiwa na jezi ya klabu nyingine. Hakuna kisa kinachoieleza vizuri zaidi hali ya Mkanada katika soka la kulipwa la Amerika Kaskazini: amebeba timu za watu, ameinua makombe ya watu, na kwao akaja kuthaminiwa alipokwisha kuondoka.

Eusébio Toronto, kombe Vancouver

Soka la kulipwa nchini Kanada halikuanza jana. Mwaka 1961 ligi ya majimbo ya mashariki ilimleta Stanley Matthews, winga mashuhuri wa Uingereza, kuichezea Toronto City akiwa na umri wa miaka 46. Ligi hiyo ilikufa baada ya miaka michache. Mwaka 1968 ikazaliwa NASL, iliyozikutanisha klabu za Marekani na Kanada, ambayo wengi wanaikumbuka kwa sababu ya Pelé na New York Cosmos.

Wachache wanakumbuka kwamba bingwa wa 1976 alitoka Kanada. Tarehe 28 Agosti mwaka huo, mjini Seattle, Toronto Metros-Croatia, timu ya jamii ya wahamiaji wa Kikroatia, iliifunga Minnesota Kicks mabao 3-0. Mmoja wa wafungaji alikuwa Eusébio, mtoto wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, aliyekuwa ukingoni mwa maisha yake ya soka. Wakubwa wa ligi hawakulipenda jina la Croatia kwenye jezi, lakini ubingwa ulikwenda na jina hilohilo. Katika kikosi hicho alikuwemo beki kijana wa Toronto, Robert Iarusci. Mwaka uliofuata Cosmos walimchukua, akatwaa nao ubingwa pamoja na Pelé na Franz Beckenbauer. Njia ya Mkanada kwenda kung'ara kusini mwa mpaka ilikuwa imefunguka.

Miaka mitatu baada ya ubingwa wa Toronto ikaja zamu ya Vancouver Whitecaps. Kocha Tony Waiters alikuwa na kikosi kilichojaa Waingereza na Waskoti, akiwemo Alan Ball, bingwa wa dunia wa 1966. Katika nusu fainali walikutana na Cosmos, mabingwa wa misimu miwili mfululizo. Whitecaps walishinda 2-0 nyumbani. Katika mechi ya marudiano Cosmos wakashinda kwa mashuti ya kuamua, yale ya NASL ambapo mchezaji alianza na mpira umbali wa yadi 35 na kupewa sekunde 5 za kumkabili kipa. Kanuni zikataka mechi fupi ya dakika 30 ichezwe palepale, siku ileile. Nayo iliisha bila mbabe, wakarudi kwenye mashuti, na safari hii Whitecaps wakapita. Tarehe 8 Septemba 1979 waliifunga Tampa Bay Rowdies 2-1 kwa mabao mawili ya Trevor Whymark. Inakadiriwa watu 100,000 walimiminika katika mitaa ya Vancouver kuipokea timu.

Mzawa aliyebeba fahari ya jiji hilo alikuwa Bob Lenarduzzi. Alizaliwa Vancouver, akaondoka akiwa kinda kwenda Reading ya Uingereza, akarudi kuanza na Whitecaps mwaka 1974. Mwaka 1978 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi miongoni mwa Waamerika Kaskazini. Anasifika kwa kuichezea klabu hiyo nafasi zote 11, hata langoni.

Jambo moja la enzi hiyo linafaa kukumbukwa. NASL ililazimisha kila timu kuwa na idadi fulani ya wachezaji wa Amerika Kaskazini uwanjani, na katika hesabu hiyo Mkanada na Mmarekani walikuwa sawa. Bruce Wilson aliichezea Vancouver, akaenda Chicago, akaenda Cosmos, akahamia Toronto, na popote alipokwenda alihesabiwa mzawa. NASL ilipokufa mapema 1985, iliacha wachezaji waliokomaa. Tarehe 14 Septemba mwaka huohuo, mjini St. John's, Kanada iliifunga Honduras 2-1 ikafuzu Kombe la Dunia la 1986. Nahodha alikuwa Wilson, na kocha alikuwa Waiters yuleyule wa Whitecaps. Matunda ya ligi yalionekana wakati ligi yenyewe imekwisha kuzikwa.

Ligi ya Kanada pekee ilianza 1987. Vancouver 86ers, wakifundishwa na Lenarduzzi, walicheza mechi 46 bila kufungwa kati ya 1988 na 1989, na wakatwaa ubingwa mara nne mfululizo. Mwaka 1992 ligi hiyo nayo ikafungwa. Ilipoanza MLS, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1996 hapakuwa na klabu hata moja ya Kanada ndani yake. Mkanada aliyetaka mkate wa soka karibu na nyumbani alilazimika kuvuka mpaka, na huko safari hii alihesabiwa mgeni, akigombania nafasi zilezile na Wabrazili na Waajentina.

Mtoto wa Scarborough

De Rosario alizaliwa mwaka 1978, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Guyana. Alikwenda Ujerumani akiwa kijana mdogo, akaichezea Zwickau, kisha akarudi bara lake kuchezea Richmond Kickers ya daraja la chini nchini Marekani. Mwaka 2001 kocha Frank Yallop, mwenyewe aliyewahi kuichezea Kanada, alimpeleka San Jose Earthquakes.

Fainali ya mwaka huo ilikuwa mjini Columbus dhidi ya Los Angeles Galaxy. Ubao ulisomeka 1-1, na De Rosario aliingia akitokea benchi dakika tano kabla ya mwisho. Wakati huo kanuni ya goli la dhahabu ilikuwa bado inatumika: anayefunga kwanza katika muda wa nyongeza, mechi imekwisha. Dakika ya 96 alipata mpira upande wa kushoto, akamhadaa beki, akauzungusha hadi nguzo ya mbali. Nyavu zikatikisika na kombe likapatikana. Akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Hakubahatisha. Alitwaa tena ubingwa na San Jose mwaka 2003. Klabu ilipohamia Houston na kuwa Dynamo, akatwaa wa 2006 na wa 2007. Fainali ya 2007 dhidi ya New England ni ya kusimulia wajukuu: Dynamo walitanguliwa, Mzimbabwe Joseph Ngwenya akasawazisha, De Rosario akamaliza kazi kwa kichwa na kuwa mchezaji bora wa fainali kwa mara ya pili. Nyuma yake langoni alisimama Mkanada mwenzake, Pat Onstad wa Vancouver, aliyewahi kuwa kipa bora wa ligi mwaka 2003 na 2005. Katika fainali ya 2006 iliyoamuliwa kwa matuta, Onstad ndiye aliyeokoa mkwaju wa mwisho wa New England. Ukiutazama ufalme ule wa Houston kwa makini, ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa Wakanada wawili.

Toronto FC iliingia MLS mwaka 2007, na kabla ya msimu wa 2009 ikamrudisha De Rosario nyumbani. Mapokezi yalikuwa makubwa na malipo ya kwanza kwa mashabiki hayakuchelewa. Tarehe 18 Juni 2009 Toronto ilikwenda Montreal kucheza mechi ya mwisho ya Ubingwa wa Kanada. Vancouver walikuwa wamemaliza mechi zao wakiongoza msimamo. Toronto ilihitaji ushindi wa tofauti ya mabao manne, ugenini, dhidi ya mahasimu. Montreal wakatangulia kufunga. Timu nyingine ingekata tamaa. De Rosario akafunga matatu peke yake, mechi ikaisha 6-1, na Toronto FC ikapata kombe la kwanza katika historia yake. Mashabiki wanauita usiku huo muujiza wa Montreal hadi leo.

Hundi yenyewe

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa ndipo Toronto ilipokosea.

MLS ina kikomo cha mishahara, lakini tangu alipokuja David Beckham mwaka 2007 kila klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji wachache wanaolipwa nje ya kikomo hicho. Septemba 2009 Toronto ilimpa nafasi hiyo Julian de Guzman, kiungo aliyetoka Deportivo La Coruña. Naye ni Mkanada, na kusajiliwa kwake kulikuwa heshima kwa taifa. Mwaka 2010 ikaongeza Mhispania Mista. De Rosario, nahodha na mfungaji tegemeo wa timu, aliona wanaotoka Ulaya wakipewa kilichokuwa haki yake. Ndipo likaja bao dhidi ya San Jose, na ile hundi.

Wapo waliomlaumu. Walisema mkataba wake ulikuwa bado unaendelea, na nahodha hadai mshahara mbele ya mashabiki waliolipa kiingilio. Januari 2011 mambo yakawa mabaya zaidi alipoonekana akifanya mazoezi na Celtic ya Scotland. Tarehe 1 Aprili 2011, msimu ukiwa umeanza tu, Toronto ikamtoa kwa New York Red Bulls na kupokea wachezaji wawili, Tony Tchani na Danleigh Borman, pamoja na nafasi ya kuchagua chipukizi mwaka uliofuata. Mwishoni mwa Juni New York nao wakampeleka D.C. United kumpata Dax McCarty.

Mchezaji wa miaka 33 aliyepitishwa klabu tatu ndani ya msimu mmoja angeweza kuvunjika moyo. De Rosario alifunga bao 1 akiwa Toronto, 2 akiwa New York na 13 akiwa Washington, jumla 16, na kutoa pasi 12 za mabao. Akachukua kiatu cha dhahabu. D.C. United haikufika hata hatua ya mtoano, na bado wapiga kura walimtangaza mchezaji bora wa MLS wa 2011, Mkanada wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Toronto iliyomwachia ilisubiri hadi 2015 kucheza mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza.

Alirudi Toronto kumalizia mpira mwaka 2014, akastaafu mwaka uliofuata akiwa na mabao 104 katika ligi. Hadithi yake ameiandika mwenyewe katika kitabu kilichotoka 2021, kama Lenarduzzi alivyoandika yake miaka kumi kabla. Vitabu hivyo viwili vinastahili kusomwa na kila kiongozi wa klabu anayedhani mzawa hana pa kwenda.

Waliofuata

Baada ya hapo milango ilifunguka kwa kasi. Vancouver iliingia MLS mwaka 2011 na Montreal 2012. Cyle Larin alifunga mabao 17 katika msimu wake wa kwanza na Orlando City, 2015. Montreal ilifika fainali ya klabu bingwa za CONCACAF mwaka huohuo. Toronto ilitwaa MLS mwaka 2017, Jonathan Osorio akiwa kikosini. Davies aliuzwa na Whitecaps kwenda Bayern. Ligi Kuu ya Kanada ikaanza 2019. Kwa wanawake, Christine Sinclair alitwaa ubingwa wa Marekani mara tatu akiwa na Portland Thorns, miaka ya 2013, 2017 na 2022, kabla nchi yake haijawa na ligi yoyote ya kulipwa ya wanawake. Ligi hiyo, Northern Super League, ilianza Aprili 2025 tu, baada ya Sinclair kustaafu. Mfungaji bora wa mechi za kimataifa duniani hakupata hata msimu mmoja wa kulipwa katika ligi ya kwao.

Kanuni nazo zimelegezwa kidogo. Tangu 2017 baadhi ya Wakanada waliolelewa katika akademi wanahesabiwa wazawa hata kwenye klabu za Marekani. Lakini Mmarekani ni mzawa katika klabu zote za Kanada, na klabu hizo zenyewe zinalazimishwa kuwa na Wakanada watatu tu katika usajili wao. Watatu kwa kikosi kizima ni wachache mno kwa nchi iliyotoa mchezaji bora wa ligi na mabingwa wengi kiasi hiki.

Viongozi wa soka la Kanada watakaa viti vya mbele Juni 12 wakipigiwa makofi. Kabla hawajaketi, waidai MLS imhesabu kila Mkanada mzawa katika kila klabu, kama NASL ilivyofanya miaka 45 iliyopita, na wapandishe idadi ya wazawa kwenye klabu zao tatu. De Rosario anastahili heshima rasmi katika uwanja ule alioandikia hundi. Deni lake halijalipwa.