Pikapu ya shamba ilivyotafuta gia ya barabarani

Land Rover 109 ya zamani, ikiwa bado na injini na gia zake za kiwandani, ikifika kilomita 80 kwa saa kwenye lami, dereva na abiria wake huacha kuzungumza. Injini inalia kwa mizunguko karibu 2,900 kwa dakika na gia namba nne ndiyo ya mwisho. Aliyezoea magari ya siku hizi hupeleka mkono kutafuta namba tano, hakuna. Wengi hapo huilaumu injini, na wakifika gereji jambo la kwanza wanaloulizia ni injini ya kubadilisha. Mimi naona wanaionea. Gia ndizo zilizopangwa kwa kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ilikuwa kilimo. Maurice Wilks, mkuu wa ufundi katika kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, huko Wales, na baada ya Vita Kuu ya Pili alilihudumia kwa jeep chakavu la jeshi la Marekani. Kutokana na jeep hilo akapata wazo la gari la mkulima, nusu trekta na nusu lori dogo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao. Injini ya petroli ya cc 1,595, yenye nguvu za farasi 50 tu, ilichukuliwa kwenye saluni za Rover. Nyuma ya gia boksi wakaacha tundu la PTO, ili nguvu ya injini iendeshe msumeno, pampu ya maji au mashine nyingine ya shambani. Robo karne baadaye tundu hilo lilipata kazi ambayo Wilks hakuifikiria.

Gari la namna hiyo hupangiwa gia fupi. Kwenye Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, difu ina uwiano wa 4.7, na kabla ya kufika kwenye difu mzunguko hupunguzwa kwa 1.148 kwenye gia boksi ndogo. Zidisha, utapata karibu 5.4. Maana yake ukiwa gia namba nne, injini huzunguka mara tano na zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukivuta tela la mahindi kutoka bondeni, hesabu hiyo ni rafiki yako. Kwenye barabara kuu inakugeuka.

Injini nayo ilibadilika, ila kwa mwendo wa kinyonga. Dizeli ya lita mbili ilikuja 1957. Mwaka uliofuata, pamoja na toleo la Series II, ikaja petroli ya cc 2,286, na 1961 ikafuata dizeli ya ukubwa uleule, nguvu za farasi 62. Hizi ndizo injini ambazo mafundi wa kizazi cha baba zetu walizifungua na kuzifunga macho yakiwa yamefumbwa. Krankshafti ilishikwa na beringi kuu tatu, na za dizeli zilikuwa na sifa ya kukatika. Kampuni iliongeza beringi zikawa tano mwaka 1980, baada ya miaka mingi ya malalamiko ya wateja.

Huku kwetu gari lilikuta ardhi inayolifaa. Polisi, misheni, hospitali za wilaya, vyama vya ushirika na mabwana shamba wote waliitumia Landrova, na pikapu ya 109 ndiyo iliyobeba mzigo mzito. Barabara zilikuwa za vumbi, na mashimo yenyewe ndiyo yaliyopanga spidi. Kwenye kilomita 50 kwa saa, nani atalilia gia ya tano?

Kisha lami ikaja. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilijengwa kati ya 1968 na 1973, na ghafla pikapu ya shamba ikajikuta kwenye njia ya mamia ya kilomita ambako lori na basi vinaipita. Mwaka huohuo wa 1973 bei ya mafuta duniani ikapanda vibaya. Wasomaji wenye umri wanakumbuka Tanzania ilivyozuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Injini inayozunguka bure bila sababu ilikuwa anasa.

Dawa ilikuwa imekwishapatikana kwenye magari madogo. Ovadraivu ni gia ya ziada inayofanya shafti inayotoka izunguke haraka kuliko ile inayoingia, hivyo injini inapumzika wakati gari linaendelea kwa spidi ileile. Marekani Chrysler ilikuwa nayo tangu 1934, na Uingereza ovadraivu ya Laycock de Normanville ilianza kufungwa kwenye Standard Vanguard mwishoni mwa miaka ya 1940. Ila kwa Land Rover ilibidi kusubiri hadi katikati ya miaka ya 1970, na hata hapo haikutoka Solihull kwenye kiwanda cha gari. Ilitoka Fairey Winches, watengenezaji wa winchi wa Tavistock, Devon. Hao ndio walioliangalia tundu la PTO na kuona nafasi.

Kifaa chao kilifungwa palepale nyuma ya gia boksi, kikiwa na mkono wake mdogo kando ya ile mingine. Chesisi haikukatwa wala propela haikufupishwa. Uwiano wake ni 0.782: kilomita 80 kwa saa zilizokuwa zikidai mizunguko 2,900 sasa zinapatikana kwa 2,300 hivi. Na kwa kuwa kinafanya kazi kwenye gia zote, mtu anaweza kukiingiza akiwa namba tatu na kupata gia ya katikati ambayo kiwanda hakikumpa. Ugonjwa wake mkubwa ni mafuta. Kina mafuta yake chenyewe, machache, na yakivuja bila mwenyewe kujua, gia zinakwisha kabla ya msimu kwisha. Fundi akikuuzia iliyotumika, ingiza kidole kwenye tundu la kujazia kabla hujaingiza mkono mfukoni. Mafuta yakitoka yanameta chembe za chuma, mrudishie.

Lakini ovadraivu haiongezi nguvu hata chembe. Panda nayo Kitonga, kule kwenye kona za kuelekea Iringa, dizeli ya farasi 62 ikiwa na mzigo, na utaitoa kabla ya kona ya pili. Hapo ndipo swali la injini linaporudi, safari hii likiwa na haki yake.

Baadhi ya waliolijibu walikuwa mbali na Uingereza. Afrika Kusini, kiwanda cha huko kilifunga dizeli za ADE zilizotengenezwa kwa leseni ya Perkins. Australia wakachagua Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, injini ya lori, na sifa yake haijafifia hadi leo. Solihull wenyewe mwaka 1979 walitoa 109 yenye V8 ya petroli ya lita 3.5, wakaibana hadi farasi 91. Gia tano za kiwandani zilikuja 1983 na toleo la 110. Miaka 35 tangu Amsterdam!

Injini iliyobadilisha mchezo kwa wenye 109 haikukusudiwa kwa ajili yao. Mwaka 1989 Land Rover walitoa Discovery, na ndani yake dizeli ya lita 2.5 yenye tabo iitwayo 200Tdi: farasi 111, na nguvu ya kuzungusha karibu maradufu ya dizeli ya zamani. Wahandisi waliijenga juu ya ukoo wa injini zilezile za nyuma, kwa hiyo inakaa kwenye gia boksi ya Series bila kutengenezewa kipande cha kuunganishia. 300Tdi ya 1994 ilibadilishwa mno na haikai kirahisi hivyo. Ndiyo maana Discovery iliyooza bodi, yenye 200Tdi nzima, haikosi mteja.

Sasa mwenye pikapu ana njia mbili za kurefusha gia, na hapa ndipo watu hukosea kuchagua. Njia ya kwanza ni ovadraivu. Ya pili ni kutoa difu za 4.7 na kuweka za 3.54 kutoka Range Rover ya zamani au Discovery. Difu haina mkono wa ziada wala mafuta ya ziada ya kuviziwa, na mafundi wengi huipenda. Ila difu inarefusha kila gia, namba moja pamoja na hevi, ile seti ya gia za nguvu, na pikapu iliyokuwa ikitambaa kwenye matope kama kobe sasa inalazimika kukimbia au kuunguza klachi. Ovadraivu inaacha gia za chini kama zilivyo. Ukiitoa, shamba lako lipo palepale. Udhaifu wake ni kwamba ilibuniwa kwa injini za wakati wake, na Tdi ikikanyagwa resi kwa hasira inaweza kuiharibu, au ikakata ekseli za nyuma. Kwa anayelima na pia anasafiri, ningesema Tdi, ovadraivu na mguu mwepesi. Kwa anayeishi kwenye lami, difu. Wanaofunga vyote viwili hupata gari linalosinzia tambarare na kukosa pumzi kwenye kila mlima.

Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover lililolenga kuvunja rekodi ya msafara iliyokuwa ya Ujerumani, na kwenye mstari ule mwenye sikio angeweza kuisikia historia hii yote, kuanzia mlio mkavu wa dizeli ya zamani hadi filimbi ya tabo. Uingereza kwenyewe upepo unavuma upande mwingine: wakusanyaji wanalipa zaidi kwa gari lenye injini iliyozaliwa nayo. Kwetu gari bado linabeba viazi, kwa hiyo ubadilishaji utaendelea. Breki za 109 ni za dramu magurudumu yote manne, zimepangwa kwa gari la farasi 62 lenye gia fupi. Kabla ya Tdi kushushwa kwenye chesisi, fundi anayejua kazi yake atavua magurudumu kwanza na kuangalia silinda za breki, kisha ndipo atakapotaja bei ya injini.