Sifa, Lawama na Kipimo

Mwaka wa 2017 gari la moshi lilianza kupita kati ya Mombasa na Nairobi katika njia mpya. Reli mbili za njia ile zimeachana kwa milimita 1435. Twaa hesabu hiyo, uigawanye kwa 87, nawe utapata karibu milimita 16 na nusu, upana ambao kidole gumba cha mtu mzima chaweza kuufunika. Huo ndio upana wa njia ndogo ambazo juu yake hupita vigari vya moshi vya mfano, yaani vile viundwavyo kwa kuyaiga magari makubwa kiungo kwa kiungo, na kupunguzwa mara 87. Katika Ulaya na Marekani watu wengi, wazee kwa vijana, wamefanya kukusanya na kuendesha vigari hivi kuwa uraibu wao wa maisha.

Yamkini utaniuliza: Mchezo kama huu una nafasi gani katika historia? Fikiri kidogo. Kosa la nusu milimita katika kigari ni sawa na kosa la milimita 43 na nusu katika gari kubwa. Gurudumu lililokosewa kiasi hicho huiacha reli, na kigari chote kikaanguka. Kwa hiyo waundaji wa vigari walilazimika mapema kulijibu swali ambalo kila fundi hana budi kulijibu, awe mjenzi wa nyumba au mshonaji wa viatu: Ni nani awezaye kusema kwamba kazi hii ni njema, na kwa nini asadikiwe? Fedha ya mnunuzi, riziki ya mfanyakazi na heshima ya fundi, zote zimo katika jibu la swali hilo.

Historia yetu yaanzia Ujerumani. Katika mji wa Göppingen kulikuwa na kiwanda cha jamaa ya Märklin, kilichoanzishwa mwaka wa 1859 kuunda vyombo vya bati vya kuchezea watoto. Siku zile vigari vya moshi vilikuwapo, walakini kila mwundaji alifuata upana aliouona yeye kuwa unafaa. Mtoto aliyepewa kigari cha kiwanda kimoja hakuweza kukipitisha juu ya reli za kiwanda kingine. Mwaka wa 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, Märklin walileta njia za reli zenye upana maalumu uliopewa nambari, ili mnunuzi apate kununua kigari mwaka huu, reli za kuongeza mwaka ujao, na mabehewa mwaka wa tatu, na vyote vikubaliane. Waundaji wengine waliufuata mfano huo. Angalia jambo lililotendeka: ubora wa kwanza katika kazi hii haukuwa uzuri wa rangi, bali ulikuwa ahadi. Kiwanda kiliahidi kwamba kitu cha kesho kitapatana na kitu cha jana.

Uingereza nayo haikukaa nyuma. Katika mji wa Liverpool, Frank Hornby alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1901 kwa vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto aliweza kuviunganisha kwa skrubu na kuunda daraja, winchi au gari. Vipande hivyo vilijulikana baadaye kwa jina la Meccano. Kila tundu lilikuwa mbali na jirani yake kwa nusu inchi, wala halikuruhusiwa kukosea, maana tundu moja lililokosewa lingeharibu kazi nzima ya mtoto. Hornby alipoanza kuuza vigari vya moshi mwaka wa 1920, alivijenga kwa desturi hiyo hiyo ya vipande vinavyofunguka na kufungika.

Hata hivyo, maadamu mkaguzi alikuwa mtumishi wa kiwanda, hukumu yote ilikuwa mikononi mwa muuzaji. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Si kwamba wakaguzi wote walikuwa waongo. Lakini mnunuzi hakuwa na njia ya kuupima ukweli wao.

Njia hiyo ilipatikana Marekani. Mwezi wa Januari mwaka wa 1934, Al C. Kalmbach wa mji wa Milwaukee alitoa toleo la kwanza la gazeti liitwalo Model Railroader, kwa ajili ya watu wazima waliopenda kujiundia vigari vyao. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, wapenzi hao walikutana wakaunda chama cha taifa, ambacho hujulikana kwa herufi NMRA. Shida iliyowakutanisha ilikuwa ya kawaida kabisa. Magurudumu ya kiwanda hiki yalipanda juu ya reli za kiwanda kile, na kulabu za mabehewa haya zilikataa kushikana na kulabu za mabehewa yale. Chama kiliandika vipimo vya magurudumu, vya reli na vya njia panda zake, kikavitangaza kwa wote.

Baadaye kikatoa kitu kidogo ambacho mimi nakihesabu kuwa na thamani kuliko hotuba nyingi: kipande cha bati la chuma, chepesi cha kutiwa mfukoni, kilichokatwa meno na mianya kwa vipimo vile. Ukitaka kuzijua reli zako, weka meno yake juu yake. Yakiingia bila nguvu wala kulegea, njia ni sawa. Ukitaka kuyajua magurudumu, yatie katika mwanya wake. Tangu hapo hukumu ilitoka katika ulimi ikaingia katika chuma. Mtoto wa shule mwenye kibati kile aliweza kubishana na mwenye kiwanda kikubwa, na ikiwa haki ilikuwa upande wake, akashinda. Chama kilianza pia kuvikagua vitu vya viwanda na kuvipa vyeti vile vilivyotimiza vipimo. Katika Ulaya, vyama vya nchi mbalimbali viliungana mwaka wa 1954 katika shirikisho liitwalo MOROP, nalo likatoa vipimo vyake.

Lakini kipimo chaweza pia kumfedhehesha aliyekikubali. Magari ya moshi ya Uingereza ni membamba na mafupi kwa kimo kuliko ya Marekani na ya bara la Ulaya. Yalipopunguzwa mara 87, mota za umeme za siku zile hazikupata nafasi ndani yake. Waundaji wa Uingereza wakatafuta suluhu ya haraka: waliongeza ukubwa wa kigari hata kikawa kimepunguzwa mara 76 tu, ila njia ya reli wakaiacha vile vile, milimita 16 na nusu. Vigari vya Hornby Dublo, vilivyotokea mwaka wa 1938, viliieneza desturi hiyo katika nyumba nyingi. Zidisha 16 na nusu kwa 76, nawe utapata kama milimita 1254, pungufu sana ya 1435. Kwa hiyo kigari kilisimama juu ya njia nyembamba, kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto.

Wengi waliona kasoro hiyo wakanung'unika, na manung'uniko yao hayakubadilisha kitu. Wachache walitenda. Mwaka wa 1955 iliundwa jumuiya ya watu waliotandaza njia za milimita 18, na katika miaka ya 1960 wengine wakafuata hesabu kamili ya milimita 18.83, wakaandika vipimo vya kila gurudumu na kila reli. Hawakuishinda desturi ya viwanda, ambayo ipo hata leo. Walakini walithibitisha kwa mikono yao kwamba jambo lililoitwa muhali lawezekana.

Sasa nakuomba usikilize habari ya kosa ambalo hakuna jicho lililoliona. Katika miaka ya 1930 viwanda vingi viliacha bati, vikaanza kusubu vigari katika kalibu kwa mchanganyiko wa zinki na alumini. Kazi ilitoka laini na nzito, yenye alama ndogo ndogo zilizo dhahiri. Wakaguzi walipitisha, wanunuzi walisifu. Wahenga wetu husema kwamba kizuri chajiuza, na kweli vilijiuza. Miaka ilipita. Kisha vigari vilivyotunzwa kabatini vikaanza kupasuka, vikavimba, vikapinda, na mwisho vikamomonyoka mkononi kama biskuti.

Sababu yake ilikuwa risasi. Chembe chache za madini hayo, au za bati, zikiingia katika zinki, hukaa katikati ya chembe za mchanganyiko na kuuharibu kutoka ndani, hasa penye joto na unyevu. Dawa ilikwisha kujulikana: mwaka wa 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ilikuwa imetoa mchanganyiko uliotumia zinki safi kwa asilimia 99.99. Lakini mahali ambapo mabaki ya risasi yalitupwa katika chungu kimoja na zinki, usafi huo ulipotea. Ugonjwa huu umeonekana tena hata katika vigari vilivyoundwa miongo mingi baadaye. Hapa pana fundisho kubwa. Mkaguzi asimamaye mlangoni mwa kiwanda huona kitu siku ya kuzaliwa kwake tu. Ubora wa kweli hulindwa mwanzoni, katika chungu cha kuyeyushia, ambapo hakuna mnunuzi atazamaye.

Basi tuje kwa wahakiki. Tangu zamani magazeti ya uraibu huu yameweka kurasa za kuvihukumu vigari vipya. Wahakiki bora hawakusema tu kwamba kitu chapendeza. Walilinganisha urefu wake na michoro ya gari lenyewe, walipima uzito wake, nguvu ya mvuto wake, na mwendo wa polepole kabisa ambao kingeweza kuushika bila kusimama. Hata hivyo hali yao ilikuwa ngumu. Gazeti lililohukumu kiwanda liliishi kwa matangazo ya kiwanda kicho hicho, na mara nyingi kigari cha kuhukumiwa kilikuwa zawadi.

Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya Ulaya na Marekani vilihamishia kazi China. Mchoraji akawa upande mmoja wa dunia na msubuji upande wa pili, na mnunuzi aghalabu akaagiza kitu kabla hakijaundwa. Kisha ukaja mtandao wa intaneti, na tangu mwaka wa 2005, YouTube ilipoanzishwa, mtu yeyote mwenye kamera ameweza kufungua sanduku mbele ya dunia nzima na kutoa hukumu yake. Faida yake ni kubwa. Kasoro ambayo zamani ingefichwa miezi sita, leo yajulikana kwa siku moja, na mzee aliyeweka akiba mwaka mzima aweza kuonywa kabla hajapoteza fedha zake.

Lakini hasara nayo ipo. Mhakiki huyo ana sanduku moja tu. Mwaka wa 1924 Walter Shewhart, mhandisi wa kampuni ya Western Electric huko Marekani, alionyesha kwa mchoro kwamba katika kazi ya wengi hapana budi kutofautisha kosa lililozuka kwa bahati na kosa lililo na chanzo katika uundaji wenyewe. Kigari kimoja kibovu chaweza kuwa bahati mbaya; ishirini vibovu kwa namna moja ni ushahidi. Mwenye kulaani elfu kwa sababu ya kimoja aweza kuwanyima wafanyakazi riziki bila haki. Tena hasira huvuta watazamaji kuliko utulivu, na zawadi hulainisha ulimi kuliko ukweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mgema atukanwaye kila siku, afanye vyema au vibaya, huacha kusikiliza.

Msomaji, huenda hutamiliki kigari cha moshi cha mfano maishani mwako. Lakini utanunua viatu, simu na vitabu. Utajenga, utashona au utafundisha. Nawe utaulizwa maoni yako juu ya kazi za watu, kama wao watakavyoulizwa juu ya yako. Siku hiyo, kabla hujasifu wala kulaumu, jiulize: Nimepima kwa nini? Nimeona vingapi? Nimekitumia kwa muda gani? Na aliyenipa kitu hiki anatarajia niseme nini? Ukiweza kuyajibu hayo mbele ya watu, sema bila hofu, hata kama kiwanda ni kikubwa nawe ni mdogo. Usipoweza, nyamaza kwanza, ukatafute kibati chako.