Simba wa Detroit: mechi 16, vipigo 16

Wadau, leo tuwaache kidogo Simba wa Msimbazi. Kuna Simba wengine, Detroit Lions, wanaocheza ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao mkononi. Mwaka 2008 walicheza mechi 16 za ligi ya NFL, wakapoteza zote. Tangu msimu uwe wa mechi 16 mwaka 1978, hakuna timu iliyokuwa imefikia huko. (Cleveland Browns waliwafuata mwaka 2017.)

Kichekesho ni kwamba mechi zao nne za kujipima nguvu walishinda zote!

Wanaosimulia msimu ule hupenda kuanza na Dan Orlovsky. Oktoba 12, ugenini Minnesota, ndiyo kwanza kaanza mechi kama mrushaji mkuu wa timu. Akimkimbia beki, akarudi nyuma, akarudi, mpaka akatoka nje ya uwanja bila kujua. Wapinzani wakapewa pointi mbili. Mechi ikaisha 12-10. Pigeni hesabu wenyewe.

Mimi namhurumia. Ubovu ulianzia juu. Mwenye timu alikuwa William Clay Ford, mjukuu wa yule Henry Ford wa magari. Mwaka 2001 alimkabidhi klabu Matt Millen, mchezaji wa zamani aliyekuwa mtangazaji wa televisheni na hajawahi kuendesha klabu yoyote. Chini yake Lions walishinda mechi 31 na kupoteza 84, na katikati ya balaa hilo, mwaka 2005, akaongezewa mkataba. Alitimuliwa Septemba 2008, msimu ukiwa umeshaoza kwa vipigo vitatu.

Mzee alivumiliaje? Kwetu timu ikiburuza mkia inashuka daraja. NFL haina kushuka. Fedha za televisheni za kitaifa timu zote 32 zinagawana sawasawa, na anayeshika mkia ndiye wa kwanza kuchagua wachezaji chipukizi kutoka vyuoni. Yaani ukiwa tajiri wa timu, unaweza kuboronga miaka minane na kula yako ikaingia.

Shabiki ndiye aliyeumia, tena mwaka mbaya kuliko yote. Novemba ile wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler walikwenda Washington kuomba msaada wa serikali, kila mmoja na ndege yake! Siku chache baadaye ikawa Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo kwa desturi Lions hucheza nyumbani, nchi nzima ikitazama. Mtu wa kiwandani, asiyejua kama Januari atakuwa na kazi, akakaa kuangalia timu yake ikipigwa 47-10 na Tennessee.

Ushindi ulirudi Septemba 27, 2009, dhidi ya Washington, 19-14, baada ya vipigo 19 mfululizo. Wachezaji walitoka tena vyumbani kushangilia na mashabiki. Lakini runinga za Detroit hazikuonyesha mechi ile: tiketi zilikuwa hazijaisha, na sheria ya ligi wakati huo ilikataza.