Kimombo kigumu? Chimba mizizi, acha kumeza kamusi

Leo naweka kitu cha kuhifadhi, hasa kwa wadogo zetu wanaojiandaa na mitihani au wanaosaka nafasi za masomo nje. Nawaona sana kwenye kafe, wameprinti orodha ya maneno magumu ya Kiingereza wanaanza kumeza kuanzia A. Wakifika D, yale ya A yameshayeyuka. Siwacheki hata kidogo. Ukisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza unatupiwa baiolojia kwa Kimombo, utafanyaje zaidi ya kumeza?

Ila njia ipo, na sisi waswahili tunaijua tayari. Ukijua "soma" hakuna mtu anayekufundisha upya msomaji, somo, kisomo, someka na somesha. Mzizi ni ule ule, viambishi ndivyo vinavyobadilika. Sasa angalia kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Kwa Mwarabu haya ni ndugu wa tumbo moja, yote yana K-T-B na yote yanahusu kuandika. Sisi tuliyapokea yakiwa yameshaumbika, ndiyo maana wengi hatuoni undugu wao.

Mwingereza naye yamemkuta hayo hayo. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka nchi yake, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa miaka mingi. Baadaye, hasa karne ya 16 na 17, wasomi wakaongeza maneno lukuki ya Kilatini na Kigiriki. Matokeo yake Kiingereza kina maneno ya nyumbani na maneno ya suti. "See" ni la nyumbani, "inspect" limevaa suti. Yanayotutesa kwenye mitihani ni ya suti, na mengi yake yanafunguka ukijua mizizi.

Tuanze na neno ambalo kila mtu hapa analijua: malaria. Limetoka Italia, "mala aria", maana yake hewa mbaya. Watu wa zamani waliamini homa inaletwa na hewa chafu ya vinamasi, hadi mwaka 1897 ambapo daktari Ronald Ross, akiwa India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Jina likabaki hivyo hivyo. Chukua "mal", yaani baya, utembee nayo. "Malnutrition" ni lishe mbaya, utapiamlo. "Malfunction" ni mashine kufanya kazi vibaya. "Malevolent" ni mwenye nia mbaya, kwa sababu "vol" ni kutaka, ile ile iliyomo kwenye "volunteer", mtu anayejitolea kwa kutaka mwenyewe. Geuza "mal" iwe "bene", yaani njema, unapata "benevolent", mwenye nia njema. Angalia tulipofika, na tulianza na mbu tu.

Neno jingine ni demokrasia. Kwa Kigiriki "demos" ni watu, "kratos" ni nguvu au utawala. Kwa hiyo "autocracy" ni utawala wa mtu mmoja mwenyewe, "plutocracy" ni utawala wa matajiri (mifano tafuteni wenyewe, mimi simo). Wale "demos" wamo pia kwenye magonjwa. "Pandemic" ina "pan", yaani wote: ugonjwa uliowafikia watu wote, kama WHO ilivyoiita Covid-19 mwezi Machi 2020. "Endemic" ni ugonjwa uliojikita ndani ya watu wa mahali fulani, haupiti na kuondoka.

Hata wanyama wetu wamo. Kiboko anaitwa "hippopotamus", farasi wa mto. Faru ni "rhinoceros", pua yenye pembe. Ndiyo maana daktari akiandika "rhinitis" anazungumzia pua, maana "itis" ni uvimbe au mwako ndani ya mwili. "Hepatitis" ni hiyo hiyo kwenye ini.

Hapo kwenye hospitali ndipo suala hili linaacha kuwa la mtihani. "Hyper" ni kuzidi, "hypo" ni kupungua. "Hypertension" ni presha ya kupanda, "hypotension" ya kushuka. Kwa mgonjwa wa kisukari, "hyperglycaemia" ni sukari kupanda kwenye damu na "hypoglycaemia" ni sukari kushuka. Aliyeshuka anahitaji sukari upesi. Ukimchoma insulini kwa kuchanganya maneno hayo mawili, unaweza kumuua. Kama nyumbani kuna mgonjwa na wewe ndiye unayemsomea karatasi zake, anza na hiyo mizizi miwili kabla ya mingine yote.

Sasa mitego, maana ipo. "Pedestrian" ni mtembea kwa miguu, kutoka "ped" ya Kilatini, mguu. "Paediatrician" ni daktari wa watoto, kutoka Kigiriki, na haihusiani kabisa na miguu. Wamarekani wanaidondosha ile "a" ya kwanza, basi vurugu inazidi. "In" mara nyingi ni kukanusha, lakini "inflammable" maana yake ni kinachoshika moto upesi. Ukiliona kwenye pipa, zima sigara. Na "egregious" kwa mizizi ni aliyetoka nje ya kundi. Zamani ilikuwa sifa, siku hizi ni ubaya uliopindukia. Kwa hiyo mzizi unakupa kubahatisha kwa akili, kamusi ndiyo inayothibitisha.

Mimi natumia daftari, ukurasa mmoja kwa kila mzizi, na ninaandika neno pale tu nilipokutana nalo kwenye habari au kitabu, pamoja na sentensi yake. Mizizi miwili kwa wiki inatosha. Tovuti ya etymonline.com, kazi ya Douglas Harper, inaonyesha asili ya maneno bure. Kitabu cha Norman Lewis, Word Power Made Easy, ni cha mwaka 1949 na kuna sehemu kimechakaa, lakini sijaona kingine kinachofundisha mizizi kwa raha namna ile. Mnaolenga GRE mkumbuke kwamba tangu Agosti 2011 maswali ya vinyume na milinganisho yalifutwa, sasa neno linapimwa ndani ya sentensi. Kumeza orodha peke yake hakutoshi.

Haya, zoezi: "vor" ni kula, "omni" ni vyote, "carn" ni nyama. "Omnivorous", "carnivorous" na "voracious" ni nini? Marufuku kufungua kamusi, wekeni majibu hapo chini.