Kutoka Kijitabu Hadi Sheria: Taasisi za Soko Huria na Utengenezaji wa Sera ya Umma

Taasisi za fikra, yaani vituo binafsi vya utafiti vinavyochapisha maandishi kwa nia ya kuelekeza maamuzi ya serikali, hudhaniwa mara nyingi kuwa hupata nguvu zao kwa kunong'onezana na mawaziri. Dhana hiyo ina ukweli kiasi, lakini haitoshi kueleza jinsi nadharia ya soko huria, ambayo katika Uingereza ya miaka ya 1950 ilionekana na wasomi wengi kuwa imepitwa na wakati, ilivyokuja kuwa msingi wa sera ya serikali baada ya miaka isiyozidi 30. Mfano wa Institute of Economic Affairs ya London unaonyesha kwamba kazi kubwa ya taasisi ya aina hii hufanyika mbali na ofisi za serikali, miongoni mwa watu wanaoamua ni mawazo yapi yanastahili kujadiliwa. Na kwa sababu kazi hiyo inagusa maoni ya umma mzima, umma una haki ya kujua inagharimiwa na nani.

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1955 na Antony Fisher, rubani wa zamani wa jeshi la anga la Uingereza aliyetajirika kwa ufugaji mkubwa wa kuku wa nyama. Mwaka 1945 Fisher alisoma katika jarida la Reader's Digest muhtasari wa kitabu cha mwanauchumi mtetezi wa soko huria Friedrich Hayek, The Road to Serfdom, akamfuata mwandishi wake katika London School of Economics na kumweleza kwamba alikusudia kuingia katika siasa. Hayek alimshauri aachane na ubunge, kwa kuwa wanasiasa hufuata maoni yaliyokwisha kuenea, akamtaka badala yake aanzishe chombo cha utafiti kitakachowafikia wenye kuyaeneza. Katika insha yake ya mwaka 1949 kuhusu wasomi na ujamaa, Hayek alifafanua kwamba kundi hilo si la wanafalsafa wanaobuni nadharia, bali la waandishi wa habari, walimu, wahariri na watangazaji, ambao huzipokea nadharia za wengine, huzichuja, na kuzipeleka kwa wananchi.

Ni haki kusema kwamba mbinu hiyo haikubuniwa na watetezi wa soko. Chama cha Wafabiani, kilichoanzishwa London mwaka 1884, kilikuwa kimekwisha kuonyesha jinsi vijitabu na mihadhara vinavyoweza kuutayarishia ujamaa wa hatua kwa hatua njia ya kuingia serikalini, na athari yake ilifika Afrika Mashariki kupitia wanafunzi kama Julius Nyerere, aliyekutana na fikra za Kifabiani alipokuwa akisoma Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952. Waliomfuata Hayek waliichukua mbinu ya wapinzani wao wakiwa wanajua wanachokifanya, na yeyote anayeilaumu mbinu yenyewe hana budi kuzilaumu pande zote mbili.

Ralph Harris, aliyeiongoza taasisi hiyo kuanzia mwaka 1957, na Arthur Seldon, aliyesimamia uchapishaji wake, waligawana kazi kwa namna iliyozaa matunda: Harris alitafuta wafadhili na kujenga urafiki na vyumba vya habari, ilhali Seldon aliwataka waandishi wake wafuate mantiki ya kiuchumi hadi mwisho bila kujiuliza kama pendekezo linatekelezeka kisiasa. Sharti hilo la Seldon ndilo kiini cha mbinu nzima. Mwanasiasa hupima pendekezo kwa kura za uchaguzi ujao. Taasisi isiyogombea kiti inaweza kutetea jambo linaloonekana kuwa wazimu leo, na kwa kulirudia kwa takwimu na lugha nyepesi, kulifanya liwe la kawaida baada ya mwongo mmoja au miwili. Miaka mingi baadaye Joseph Overton, aliyefanya kazi katika taasisi ya soko huria ya Mackinac Center huko Michigan, Marekani, aliueleza utaratibu huo kwa mfano wa dirisha: mwanasiasa huchagua tu kutoka katika sera zilizo ndani ya fremu ambayo umma unaikubali, na kazi ya taasisi ni kuisogeza fremu yenyewe.

Ushahidi wa mapema unatokana na kijitabu cha kwanza cha mfululizo wa Hobart Papers, alichokiandika Basil Yamey mwaka 1960, kupinga utaratibu wa mzalishaji kumpangia mwenye duka bei ya rejareja. Mwaka 1964 waziri Edward Heath alipitisha sheria iliyouvunja utaratibu huo kwa bidhaa nyingi, licha ya upinzani mkali ndani ya chama chake mwenyewe. Kijitabu hakikuwa sababu pekee, kwani maduka makubwa yalikuwa na masilahi yake katika suala hilo, lakini kilimpatia waziri hoja iliyokwisha kunolewa.

Ushahidi mzito zaidi ni wa miaka ya 1970. Mwaka 1970 taasisi ilichapisha mhadhara alioutoa mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman jijini London, akidai kwamba mfumuko wa bei unatokana na kuongezeka kwa fedha katika mzunguko kuliko uzalishaji, na si na madai ya vyama vya wafanyakazi. Miongoni mwa walioipokea hoja hiyo na kuisambaza walikuwa Samuel Brittan wa Financial Times na Peter Jay wa The Times, na Jay hakuwa mhafidhina hata kidogo: alitoka katika familia ya chama cha Labour na alikuwa mkwe wa James Callaghan. Mwaka 1976, Uingereza ilipokuwa ikielekea kuomba mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Waziri Mkuu Callaghan aliuambia mkutano mkuu wa chama chake kwamba serikali haiwezi tena kujinasua kutoka katika mdororo wa uchumi kwa kuongeza matumizi, na sehemu hiyo ya hotuba iliandikwa kwa msaada wa Jay. Margaret Thatcher, Mhafidhina ambaye serikali yake baadaye iliifanya nadharia hiyo kuwa msingi wa sera, alikuwa bado hajaingia madarakani. Fikra iliyotoka katika vijitabu ilikuwa imepita kwa mwandishi wa habari hadi kinywani mwa kiongozi wa chama cha Labour chenyewe, na hapo ndipo ushindi wa kweli ulipopatikana, kwa maana sera inayotamkwa na pande zote mbili haitazamwi tena kama sera ya upande wowote.

Hata hivyo nguvu hiyo ina mipaka. Seldon alitetea kwa miaka mingi vocha za elimu, yaani hati za malipo ambazo mzazi angepewa na serikali ili achague shule mwenyewe, na Keith Joseph, rafiki mkubwa wa taasisi, alipokuwa waziri wa elimu aliliacha wazo hilo mwaka 1983 baada ya kukabiliwa na pingamizi za watumishi wa wizara na ugumu wa utekelezaji. Na mwaka 2022 Liz Truss, mwanasiasa aliyekuwa karibu sana na taasisi hiyo, alijaribu kutekeleza kwa pigo moja punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 bila kuchapisha makadirio ya ofisi huru ya bajeti. Benki Kuu ya Uingereza ililazimika kuingilia soko la hati fungani, na uwaziri mkuu wake ukaisha baada ya siku 49. Maandalizi ya miaka mingi yaliyomtangulia Thatcher hayakuwapo: wananchi hawakuwa wameshawishiwa.

Suala la fedha ndilo linalohitaji msimamo usio na utata. Institute of Economic Affairs imesajiliwa kama shirika la hisani la kielimu na haina desturi ya kuchapisha orodha ya wafadhili wake, ingawa kampuni ya British American Tobacco imewahi kuthibitisha kuwa huichangia. Watetezi wake hujibu kwamba hoja ipimwe kwa uzito wake, bila kujali aliyeilipia. Jibu hilo lingetosha kama wasomaji wote wangekuwa na muda na ujuzi wa kuipima kila hoja. Lakini taasisi yenyewe imejengwa juu ya imani kwamba wengi hupokea fikra kupitia wasambazaji wanaowaamini, hivyo haiwezi kudai kwamba wanaowaamini wasambazaji hao hawana haja ya kujua chanzo cha fedha.

Kwa Afrika Mashariki safari hii ya fikra kutoka maandishi hadi sera si jambo la mbali. Peter Bauer, mwanauchumi wa kundi la Hayek, alizikosoa bodi za mazao za Afrika Magharibi katika miaka ya 1950 kwa kumnyima mkulima sehemu ya bei yake. Ukosoaji wa namna hiyo ulijitokeza tena mwaka 1981 katika ripoti ya Benki ya Dunia iliyoongozwa na Elliot Berg, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania iliziondolea bodi na vyama vya ushirika ukiritimba wa kununua mazao. Malalamiko ya Bauer yalikuwa na haki ndani yake, lakini wakulima wa korosho wa Mtwara hawakupata nafasi ya kuyajadili kabla hayajawa sharti la mkopo wa Benki hiyo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwa zao hilo mwaka 2007, ambapo korosho hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada, unaendelea kubishaniwa katika vijiji na Bungeni, safari hii na watu wanaolima na kuuza zao lenyewe.